Likelemba yangu imefika: sola nimpe shemeki au fundi aliyesomea?

BARUA

Baba mkubwa, jambo sana.

Naishi Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye palsele yetu wenyewe, pamoja na baba watoto na watoto 5. Nauza samaki Thomson, sukre baridi na barafu ya vifuko. Biashara yote iko ndani ya kongelateri moja nyeupe niliyonunua okazioni miaka 6 iliyopita. Ikilala, na mimi nimelala njaa.

Delestaji unaijua. Siku hizi kwetu umeme unakuja saa 6 ya usiku na kuondoka saa 11 ya alfajiri. Mchana kutwa hakuna. Mwezi wa 8 niliamka nikakuta maji mekundu yanatiririka kutoka chini ya kongelateri mpaka mlangoni: katoni 2 za samaki zimekwisha. Nusu niliuza kwa bei ya kutupa, nusu nilimwaga. Grupu tunayo, lakini nikipiga hesabu ya esanse naona ni kama namfanyia kazi mwenye pompu.

Mwezi wa 10 ni zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa. Nitapokea dola 1,800, na nina 400 nilizoficha. Nataka sola, niachane na hii hofu. Tatizo ni mafundi.

Wa kwanza ni shemeki, mdogo wake baba watoto. Anaunganisha umeme mtaani na ameshafunga sola kwenye nyumba 3. Ananitaka dola 1,250: inveta iliyoandikwa kVA 5, batri 2 za jeli za ampea 200, na paneli 4 anazosema ni za wati 500 kila moja. Alisema hayo akiwa mlangoni, hata kiti hakukalia. Anasema itabeba kila kitu, kongelateri, televisheni, hata resho ya kupikia.

Wa pili nililetewa na mama mmoja wa kanisani. Huyo amesomea umeme. Alikaa saa moja na nusu. Alifungua kongelateri akatazama ndani, akasoma kibandiko cha nyuma, akauliza watoto wanalala saa ngapi, akapanda juu ya bati, akauliza mwembe wetu ni wa nani. Devi yake ni dola 2,150: batri moja ya lityumu ya kilowati-saa 5, inveta ya wati 3,000, paneli 3 za wati 450, nyaya, chuma za juu na kazi. Resho amekataa kabisa.

Baba watoto anasema: huyu anatupa batri moja badala ya 2, paneli 3 badala ya 4, inveta ndogo, halafu anataka dola 900 zaidi! Shemeki amenuna, hapiti tena nyumbani. Na mama mkwe amenipigia simu kwamba pesa ya familia naipeleka kwa wageni. Baba mkubwa, nifanye nini? Nikikosea hapa, likelemba nyingine ni mpaka mwakani.

Mama wa Thomson, Katuba

JIBU

Mama wa Thomson, jambo.

Fundi wa pili alifungua kongelateri. Nimesoma barua yako mara 2 na mara zote nimesimama hapo. Kabla ya kukaa kujibu barua za watu nilishika koleo miaka mingi, na nakuambia: anayetaja bei ya sola akiwa mlangoni anakuuzia alichokiona dukani. Wewe unatumia nini, hajui bado. Kwa hiyo nimeegemea kwa wa pili. Lakini naye usimhesabie pesa leo, kuna vitu sijaviona kwenye devi yake. Nitavifikia.

Kwanza neno la baba watoto, maana yeye ndiye wa kusadikishwa. Mpe karatasi na kalamu. Batri 2 za jeli, volti 12 kila moja, ampea-saa 200: 12 mara 200 mara 2, ni wati-saa 4,800. Batri ya lityumu ya aina hiyo kwa kawaida ni volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani 5,120. Kwenye karatasi zinalingana, na baba watoto ana haki ya kushangaa bei. Sasa aende mbele kidogo. Jeli ndani yake ni risasi, ile ile ya batri ya gari. Batri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaiua, kwa hiyo katika zile 4,800 zako ni 2,400 tu. Lityumu unaweza kuitumia asilimia 80 hata 90 kila usiku bila kuiumiza. Hapo una zaidi ya 4,000. Batri moja imezizidi 2.

Halafu umri. Jeli inayoshushwa hadi nusu kila siku hukuhudumia mara 500, labda 1,000 kama imetunzwa vizuri. Lityumu ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo ndiyo ya kuulizia kwa jina hilo, watengenezaji huihesabia kuanzia mara 3,000 na nyingi 6,000. Mara 3,000 kwa kutumia kila siku ni zaidi ya miaka 8. Na risasi inachukia joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha yake karibu nusu. Mwezi wa 10 wetu, chumba chenye bati bila plafo, mnaujua wenyewe. Ukinunua jeli leo, miaka 2 au 3 mbele utakuwa unasubiri likelemba ya batri.

Kuhusu paneli za wati 500 za shemeki, chukua mita ya fundi wa cherehani uende nayo dukani. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 hadi 220 kwa kila mita mraba. Paneli ya kweli ya wati 500 basi lazima ikaribie mita mraba 2.3, kitu cha urefu unaompita mtu mrefu. Ukipima ukakuta mita 1.6 kwa mita 1, hiyo haivuki sana 350, hata kibandiko kikiandika 1,000. Kibandiko kinachapishwa popote, lakini jua haliwezi kuingia mahali ambapo hakuna nafasi. Batri nazo zina kipimo chao, mgongo. Jeli ya kweli ya ampea-saa 200 ina kilo 55 hadi 65. Ukiona kijana wa dukani anaibeba kwa mkono mmoja huku anajibu simu, toka humo.

Na tuseme zote ni za kweli. Paneli 4 za wati 500 zinasukuma nguvu nyingi kuliko batri 2 za jeli zinavyoweza kumeza. Jeli hupenda kuchajiwa polepole, kama ampea 40 kwa hizo zako. Paneli hizo saa sita mchana zinaweza kuleta maradufu. Kama inveta haikupangwa kuzuia, batri zinachemka taratibu na kuvimba tumbo. Shemeki hakukudanganya kwa makusudi, nadhani. Aliongeza vitu vikubwa akiamini vikubwa ni vizuri. Wengi wanafanya hivyo.

Sasa kongelateri yako, maana hapo ndipo pesa yako ilipo. Chukua noti ya franka 500, iweke kwenye ukingo, funga mlango juu yake, halafu ivute. Ikitoka bila kubishana, joini ya mlango, ile raba ya ukingoni, imekufa na baridi inatoka usiku na mchana. Fanya pande zote 4. Kongelateri ya okazioni ya miaka 6 karibu kila mara ina upande mmoja uliolegea, mara nyingi ule unaoegemea kiwiko ukiuza. Badilisha joini kabla ya kununua hata waya mmoja wa sola. Hakuna paneli yenye faida kuzidi joini mpya.

Baada ya hapo, pima. Fundi akuletee kile kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye priza, kikae kati ya kongelateri na umeme saa 24 kamili, hata kama ni kwa kuunganisha umeme wa usiku na grupu ya mchana kwa siku moja. Utaona namba. Kongelateri ya kiasi chako, joini ikiwa nzima, nategemea iwe karibu wati-saa 1,400 kwa siku; iliyochoka inaweza kupita 2,000. Ongeza ampule 6 za LED, televisheni na dekoda jioni, simu za familia, ventilateri moja wakati wa joto: kama 860 nyingine. Jumla 2,260. Kuna inayopotea njiani, kwenye nyaya, inveta na batri, weka robo juu yake: tunafika 2,800 hivi.

Paneli 3 za wati 450 ni wati 1,350. Miezi ya mvua mimi nakadiria saa 4 za jua zima kwa siku, na robo ya nguvu inapotea kwa joto na vumbi. Inakuja karibu wati-saa 4,000. Zinatosha, na kidogo kinabaki. Siku ile mvua inanyesha kutoka asubuhi mpaka jioni utapata theluthi tu, lakini una batri, na una umeme wa usiku wa kujazia. Kwa hiyo hesabu ya fundi wa pili ninaielewa, hakutupia namba. Inveta ya wati 3,000 nayo ni ya kutosha: kompresa ya wati 150 inapoanza kuzunguka inavuta mara 6 hivi kwa nukta moja, yaani 900. Hakikisha tu inatoa wimbi safi, lile la mviringo. Inveta za wimbi la ngazi zinafanya mota inguruma na kupata joto; ukiweka kiganja juu ya kompresa utalisikia.

Resho? Resho ya wati 1,500 ikiwaka saa moja imekula kuliko kongelateri yako kutwa. Na maharage yanataka saa 3. Bukari (ugali) ya watu 7 endelea nayo kwenye jiko la makala (mkaa), au kwa umeme wa usiku kama kuna mtu wa kuamka. Pasi vilevile. Aliyekataa resho alikuokoa.

Halafu kuna kitu ambacho mafundi husahau kwa sababu hawauzi samaki. Kongelateri yako yenyewe ni batri, ila ya baridi. Ijaze. Nafasi iliyo wazi weka chupa za maji. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9, jua likiwa kali, pandisha kibonye hadi mwisho, igande yote. Jioni kirudishe katikati na usifungue ovyo. Kompresa itapumzika usiku kucha na batri itabaki na akiba ya asubuhi. Nimeona nyumba ambazo batri haikutosha, baada ya kufanya hivi ikatosha.

Nije kwa vitu nilivyokosa kwenye devi ya fundi wa pili. Ameandika batri, inveta, paneli, nyaya, chuma, kazi. Waya wa ardhini uko wapi? Parafudri ya kukinga radi iko wapi? Dijonkta, zile swichi za kukata umeme, za upande wa paneli na wa batri ziko wapi? Inawezekana amezimeza ndani ya neno “nyaya”. Mwambie azitoe humo, kila moja na bei yake.

Ninakazania hapo kwa sababu. Paneli 3 zikiunganishwa mfuatano zinatoa volti karibu 150 za umeme wa moja kwa moja (DC), na mchana hakuna swichi ya kulizima jua. Umeme wa aina hiyo cheche yake haijizimi yenyewe kama ya umeme wa nyumbani. Inashika na kuendelea kuwaka kama ya fundi wa kuchomelea. Dijonkta ya kawaida ya tablo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inataka iliyoandikwa DC, yenye volti za kutosha. Batri nayo ifungiwe fyuzi yake karibu kabisa na ncha, maana lityumu ikigusana ncha kwa ncha inamwaga ampea nyingi kiasi cha kuyeyusha spana. Na waya wa ardhini: nondo ya shaba au chuma cha mabati, mita 1.5 au 2, ipigwe chini mahali penye unyevu, kwa mfano pale mnapomwaga maji ya vyombo, kwa sababu udongo wetu kutoka mwezi wa 5 hadi wa 9 unakauka kama tofali na ardhi kavu haipokei umeme. Fremu za paneli, chuma za juu, mwili wa inveta na kongelateri, vyote vifungwe hapo. Radi za mwezi wa 11 hapa kwetu hazina huruma na vyuma vilivyo juu ya bati.

Nyaya nazo. Tunaishi kwenye mji wa shaba, treni na malori ya shaba yanapita mbele ya macho yetu, na madukani tunauziwa alminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, sawa. Ukigeuka mweupe, rudisha. Na waya wa juu ya bati uwe ule wa sola wenye ganda la tabaka 2, milimita mraba 4 au 6. Waya wa nyumbani jua linaukaanga, baada ya misimu michache unapasuka.

Juu ya bati fundi alifanya vizuri kuuliza mwembe. Paneli zilizoungwa mfuatano ni kama watu walioshikana mikono kwenye mlima: mmoja akichoka, wote wanapunguza mwendo. Kivuli cha tawi moja saa 8 mchana kinakula nguvu ya zote. Usikate mwembe, mama, watoto watakulaani mwezi wa 12. Hamisheni paneli upande mwingine. Zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15, kwa sababu Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Linapita utosini kabisa mara 2 tu, mwisho wa mwezi wa 10 na katikati ya mwezi wa 2. Kuinama huko pia kunasaidia mvua kuosha. Kila paneli ni kilo 22 hadi 24, na upepo wa mvua ya kwanza unabeba bati zima. Skrubu ziingie kwenye mbao, siyo kwenye bati peke yake, na kila tundu liwe na raba. Wacha nafasi ya sentimita 10 au zaidi chini ya paneli hewa ipite. Kiangazi, vumbi letu jekundu linatanda mpaka unaweza kuandika jina lako kwa kidole: oshea maji matupu na kitambaa laini, alfajiri, kioo kikiwa bado baridi.

Batri iwe ndani, pakavu, mbali na jiko la makala na mbali na vitanda. Basi.

Kuna mpangilio mmoja wa inveta ambao nataka umuulize fundi mbele ya baba watoto, uone kama anaujua. Inveta nyingi za sokoni zina njia 2 za kupokea umeme wa nje. Moja inakubali hata volti 90, nyingine inakataa ukishuka chini ya 170 hivi. Ile ya kwanza ikiwashwa, umeme wa mtaani ukija umechoka, ampule zikiwa nyekundu kama makaa, inveta itaupitisha moja kwa moja kwenye kongelateri na kompresa itaungua huku batri imejaa pembeni. Chagua ya pili. Na kwa kuwa umeme wenu unakuja usiku, pangeni jua lichaji kwanza, umeme wa nje uingie kujaza pale tu batri imeshuka sana, la sivyo asubuhi jua litakuta batri imejaa na litakuwa limechomoza bure. Wakati wa mvua mnaweza kulegeza.

Tablo nayo igawanywe: mstari wa jua na mstari wa resho na pasi. Na asiwepo mtu wa kukuambia uchomeke inveta kwenye priza ili “irudishe” umeme nyumba nzima. Umeme huo unatoka nje mpaka kwenye nguzo, na fundi wa SNEL, kampuni ya umeme, aliyepanda akijua mtaa umezimwa anakufa kwa ajili yako.

Usomi wa fundi usiishie kwenye neno la kanisani. Muombe akuonyeshe diploma yake, A2 ya umeme au cheti cha INPP au cha shule nyingine ya ufundi, bila aibu, anayefanya kazi yake vizuri hukitoa haraka. Lakini zaidi ya karatasi, akupeleke kwenye nyumba 2 alizofunga ambazo zimeshapitisha misimu 2 ya mvua. Ongea na mwenye nyumba fundi akiwa nje. Uliza swali moja tu: ilipoharibika, alikuja baada ya siku ngapi? Ukijibiwa “haijaharibika kamwe”, angalia kama kuna vumbi kwenye nyaya; zisipokuwa nalo, kazi bado ni mpya.

Pesa ya vifaa nendeni kulipa pamoja dukani, faktire iandikwe jina lako, na namba za batri na inveta ziandikwe humo. Garanti ya miaka 10 iliyoandikwa kwenye katoni haina kazi kama duka la hapa Lubumbashi halijaandika kwamba litaibadilisha. Pesa ya kazi igawe: sehemu akianza, sehemu akimaliza, sehemu baada ya wiki 2. Siku ya kumaliza, zima umeme wa nje, acha kongelateri ianze mwenyewe mara 3. Batri ikiwa imejaa, usiku iachieni mzigo wa wati 500 mpime. Ya kilowati-saa 5 iliyo mpya lazima ivuke saa 8. Ikikata saa ya 4 au ya 5, mmeuziwa seli zilizotumika zikavishwa sanduku jipya, biashara hiyo ipo.

Sijakusahau kwa shemeki.

Kwanza, siyo wewe wa kumwambia. Baba watoto ndiye ndugu yake, na hesabu ya batri anayo mkononi sasa. Akae naye, wapige pamoja ile 4,800 na 2,400, kama watu 2 wanaoelewa kazi. Kijana aliyefunga nyumba 3 ana mikono. Anachokosa ni mtu wa kumuonyesha. Muulize fundi wa pili kama anaweza kumchukua kwa siku hizo 2 au 3 za kazi, umlipe siku zake kutoka kwenye pesa ya kazi: kubeba, kutoboa, kupitisha nyaya, kuosha paneli kila mwezi baadaye. Kuunganisha na kuwasha kubaki kwa fundi, na iandikwe hivyo, ili kitu kikiungua kusiwe na watu 2 wa kunyoosheana vidole. Fundi akikubali, shemeki atatoka na kazi aliyoiona kwa macho, na mtaani ataifanya vizuri zaidi.

Akikataa shemeki, basi amekataa. Kuna jambo ambalo mama mkwe halijui kwa sababu hajawahi kudai garanti: mtu wa familia ukimwambia arudi kurekebisha, anaona umemtukana, ukinyamaza, samaki wanaoza. Kwa mgeni mwenye faktire unadai bila kikao cha ukoo. Mama mkwe usimjibu kwa simu. Siku kongelateri imeshika, mwite mchana wakati mtaa hauna umeme, umpe sukre yenye barafu.

Kwa hesabu yako una dola 2,200, na devi ni 2,150 bila waya wa ardhini wala parafudri. Haitatosha. Usipunguze hapo. Bora muanze na paneli 2 badala ya 3, chuma za tatu zikiwa tayari juu, na ya tatu uiongeze samaki wa Krismasi wakishauzwa. Paneli inaongezeka kirahisi, kongelateri ikipigwa na radi hairudi. Ila inveta ipangwe na kuungwa kwa kuzingatia hiyo ya tatu tangu siku ya kwanza, na ya tatu iwe wati zile zile na ya kampuni ile ile.

Joini ya mlango ibadilishe wiki hii, kisha pima saa 24. Namba utakayoiona kwenye kile kipimo, niandikie.

Baba mkubwa